Kemboi au Paul Kipsiele Koech: mkubwa ni mwenye medali au anayeshinda msimu mzima?

KiunziNaMaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Jana jioni tulibishana kwenye kibanda cha chai hapa Eldoret mpaka mwenye kibanda akaanza kukusanya vikombe tukiwa bado tunavinywea. Nimeona niulete ubishi huku, maana kule tumeshafukuzwa.

Tuchukue watu wawili wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, wote Wakenya, wote wa kizazi kimoja.

Ezekiel Kemboi: dhahabu ya Olimpiki Athens 2004 na London 2012. Dhahabu ya dunia 2009, 2011, 2013 na 2015. Huyo hahitaji utangulizi.

Paul Kipsiele Koech: shaba ya Athens 2004, na katika viunzi medali zake za Olimpiki na za dunia zinaishia hapo. Lakini Diamond League, ile mikutano ya kulipwa ya msimu mzima, ilipoanza mwaka 2010, bingwa wa viunzi alikuwa yeye. 2011, yeye. 2012, yeye. Muda wake bora ni 7:54.31, Roma 2012. Wa Kemboi ni 7:55.76, Monaco 2011. Kwa hiyo kwa saa Koech yuko mbele, na kwa kujitokeza wiki baada ya wiki yuko mbele zaidi.

Msimamo wangu: Koech ndiye mkimbiaji mkubwa, Kemboi ndiye mshindi mkubwa. Mtu anayeanza Mei na kumaliza Septemba, leo joto la Doha, kesho mvua ya Ulaya, na kila akishuka kwenye ndege anakimbia dakika nane na kitu au chini yake, huyo ndiye anayeijua kazi. Kemboi aliamka siku moja kwa mwaka, akashinda, akavua fulana akacheza ngoma.

Haya, nipigeni.

---

SaaYaMkononi

Muulize mtoto yeyote wa shule ya msingi huko kwenu Koech wa viunzi ni nani. Nimemaliza.

---

Raundi25

SaaYaMkononi, umaarufu si kipimo, la sivyo tungewapa medali watangazaji.

Mwanzisha uzi, nimekimbia mbio za barabarani Ulaya kwa misimu miwili, daraja la chini kabisa, lile la kugawana chumba watu wanne na kupika ugali kwa zamu. Naiheshimu sana kazi ya msimu. Ila umelinganisha vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo.

Kwenye mikutano ya kulipwa kuna waweka kasi. Mbele yenu yuko mtu aliyelipwa avute kwa mwendo uliokubaliwa, mara nyingi wawili, mmoja akichoka mwingine anaendelea. Kazi yako ni kujipanga kwenye foleni na kuhakikisha foleni haikuachi. Mwenye mapafu makubwa na miguu iliyozoea kasi moja anashinda. Hapo Koech alikuwa mfalme, sibishi.

Fainali ya Olimpiki haina mweka kasi. Kilomita ya kwanza inaweza kwenda polepole kama watu wanaokwenda sokoni, halafu mtu mmoja anafyatuka na wote mnatakiwa mumjibu papo hapo, mkiwa kundi zima mbele ya kiunzi kisichoanguka ukikigonga. London 2012 Kemboi alishinda kwa 8:18.56. Muda huo kwenye Diamond League hata kamera haikutafuti. Lakini siku hiyohiyo Brimin Kipruto, bingwa wa Beijing 2008, alianguka. Ndiyo mbio zenyewe hizo: kuona pengo, kutokuanguka, na kubakiza kitu cha mita 200 za mwisho. Kemboi alikuwa anakaa nyuma akihesabu migongo ya wenzake, na kengele ikilia anajua kila mgongo umebakiza nini.

Ni ufundi huo. Usiseme "aliamka siku moja".

---

KiunziNaMaji

Mzee Raundi25, nimekusoma na nakubali nusu. Sasa nijibu hili: Olimpiki inaruhusu Wakenya watatu tu. Diamond League haikujali bendera kiasi hicho. Mkutano wa Roma au Brussels ungeweza kukuta Wakenya sita, saba kwenye mstari mmoja. Katika viunzi vya miaka ile, Mkenya wa tano alikuwa na uwezo wa kuwaacha karibu wote wa nchi nyingine. Kwa hiyo nani alishindana na watu wagumu zaidi, aliyewapiga Wakenya wawili na wageni kumi na wawili, au aliyewapiga Wakenya wote waliokuwepo, tena mara nne tano kwa msimu?

---

Raundi25

Hoja nzuri, na wengi hawaijui. Lakini umeisahau nusu yake ya pili. Hao watatu hawakuokotwa barabarani. Walitoka kwenye mchujo wa taifa, na mchujo wa Kenya ni mbio za siku moja zenye Wakenya wote hao unaowataja, bila mweka kasi, kwenye mwinuko wa Nairobi. Koech alikimbia ile 7:54.31 ya Roma mwisho wa Mei 2012. Wiki chache baadaye timu ya London ikatangazwa: Kemboi, Brimin Kipruto, Abel Mutai. Yeye hayumo, na ndiye aliyekuwa na muda mkali kuliko wote mwaka ule.

Unaweza kusema ni bahati mbaya. Mimi nasema mbio za siku moja ni somo lake peke yake, na kwenye somo hilo alianguka.

---

MwanaMbulu

Aisee, uzi mtamu ila naona mmejifungia Kenya. Ngoja niwatoe nje kidogo.

Sisi Tanzania tuna kidonda chetu kinaitwa Juma Ikangaa. Huyu mzee katika miaka ya themanini alikuwa anaanza mbio za marathoni mbele, si katikati, si nyuma, mbele, na anawaburuza wenzake kana kwamba amechelewa basi. Boston 1988 akashindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde 1, 2:08:43 kwa 2:08:44. Kilomita 42 zote zile, sekunde moja! 1989 akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen. 1990 wa pili tena, nyuma ya Gelindo Bordin. Mara tatu mfululizo. Katikati hapo, Novemba 1989, akaenda New York akashinda kwa 2:08:01, rekodi ya njia ile kwa wakati huo. Kabla yake alikuwa ameshashinda Tokyo, Fukuoka na Beijing.

Olimpiki? Wa sita Los Angeles 1984, wa saba Seoul 1988. Medali hana. Jumuiya ya Madola Brisbane 1982 alipata fedha nyuma ya Rob de Castella, basi.

Sasa mpelekeni Ikangaa kwenye mizani yenu ya medali mwone atakavyoonekana mwepesi. Halafu mniambie kama kuna mtu aliyemwona akikimbia atakubali.

---

Kapchorwa_Juu

MwanaMbulu umenichokoza. Sisi Uganda tunaye wa upande wa pili kabisa wa Ikangaa.

Stephen Kiprotich. London 2012 dhahabu ya marathoni, 2:08:01. (Nimegundua sasa hivi kwamba ni muda uleule wa Ikangaa New York. Dunia hii.) Aliwaacha Abel Kirui na Wilson Kipsang, na nchi nzima haikuwa na dhahabu ya Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Mwaka uliofuata akaenda Moscow akachukua na ya dunia. Watu wakasema sasa miji mikubwa yote ataizoa. Hakuzoa hata mmoja. Tokyo 2015 alikimbia vizuri, wa pili kwa 2:06:33. London, New York, hakuna.

Kwa hesabu za msimu, Kiprotich ni mkimbiaji wa kawaida mwenye siku mbili nzuri. Siku zenyewe ni Agosti, joto, bila waweka kasi, na kila mtu aliyepanda pale alikuwa ameziwinda siku hizo mwaka mzima. Mimi ukinipa nichague kati ya siku hizo mbili na miaka kumi ya kuwa wa pili, sifikirii hata dakika.

---

MwanaMbulu

Ungechagua hivyo kwa sababu si wewe uliyeburuza kundi kilomita 35.

---

SaaYaMkononi

😂😂

---

MamaWaKona

Nimesoma hadi hapa nikasubiri mtu amtaje mwanamke mmoja. Mmoja tu! Mmefika Boston, mmefika Moscow, mmemkumbuka hadi Akii-Bua, Ndereba hamumwoni.

Catherine Ndereba: Boston mara 4. Chicago mara 2, na ile ya 2001 ilikuwa rekodi ya dunia, 2:18:47. Dhahabu ya dunia Paris 2003, tena Osaka 2007. Fedha ya Olimpiki Athens, fedha ya Olimpiki Beijing. Huyu alikuwa na vyote viwili, ubingwa na mfululizo, na bado kuna watu watakuambia "lakini hana dhahabu ya Olimpiki", kana kwamba alikosa kitu jikoni.

Na Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda New York, 1994, akarudi 1995. Bingwa wa dunia wa nusu marathoni 1997, 1998 na 1999. Rekodi ya dunia ya marathoni mara mbili. Akafika Sydney 2000 akiwa yule ambaye kila mtu anamwogopa, tumbo likamharibikia usiku wa kuamkia mbio. Akamaliza wa kumi na tatu, na siku chache baadaye akaingia mita 10,000 akawa wa tano. Nilikuwa sekondari wakati ule, tulikesha kwa redio. Sasa nyie mnaosema siku moja ndiyo kipimo, kipimo hapo kilipima nini, miguu yake au chakula cha jana yake?

---

Kapchorwa_Juu

Dada, hilo la Loroupe halina jibu. Nimenyamaza.

---

Raundi25

Mama, umenisahihisha na naomba radhi kwa niaba ya wanaume wote wa uzi huu.

Nikuongezee kuni. Kuna ambao hawakuharibikiwa na tumbo, waliharibiwa na wakubwa. Henry Rono, 1978: rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Mita 5,000, viunzi na maji, mita 10,000, mita 3,000. Hebu zisomeni tena polepole. Mwaka huohuo akachukua dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola Edmonton. Olimpiki hakuwahi kukanyaga hata moja, kwa sababu Kenya iligoma 1976 na ikagoma 1980.

Filbert Bayi naye aliikosa Montreal 1976 kwa mgomo uleule, akiwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500 mkononi. Tanzania ilikwenda Moscow 1980, na Bayi akapata fedha, lakini kwenye viunzi, miaka minne baada ya siku zake kupita. Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000 kwenye michezo hiyohiyo. Kenya haikuwepo. Ukiweka mizani ya medali tupu, Rono ana sifuri ya Olimpiki. Mizani ya namna hiyo mimi siwezi kuitumia kupimia hata mahindi.

---

KiunziNaMaji

Kwa hiyo Mzee umehamia upande wangu?

---

Raundi25

Sijahama. Nimesema mizani ina kasoro, sijasema chukua ya kwako.

---

MpigaHesabu

Nimewafuatilia kimya tangu asubuhi. Naomba nitie mambo mawili, halafu nirudi kazini.

La kwanza, hiyo "bingwa wa msimu" mnayoisema imebadilika maana. Koech alipochukua 2010 hadi 2012, pointi zilijumlishwa mkutano kwa mkutano, na fainali ilikuwa na pointi mara mbili. Ulikuwa ubingwa wa msimu kweli. Tangu 2017 pointi zinakupa tiketi ya kuingia fainali tu. Ukifika fainali kila mtu anaanza upya, na anayeshinda usiku ule ndiye anayebeba kombe. Kwa maneno mengine, waandaaji wenyewe wa msimu waliamua siku moja ndiyo iamue. Kwa hiyo mtu akikuambia siku hizi fulani ni bingwa wa Diamond League, usimhesabie kuwa alikuwa imara Mei hadi Septemba. Angalia matokeo ya mikutano.

La pili, ndilo kubwa. Mwanzisha uzi, umemwita Kemboi mtu wa siku moja. Nimefungua matokeo ya mashindano ya dunia, viunzi wanaume:

2003 Paris, fedha (nyuma ya Shaheen, yule aliyekuwa Stephen Cherono kabla ya kuhamia Qatar).
2005 Helsinki, fedha (Shaheen tena).
2007 Osaka, fedha.
2009 Berlin, dhahabu.
2011 Daegu, dhahabu.
2013 Moscow, dhahabu.
2015 Beijing, dhahabu.

Mashindano 7, medali 7, miaka 12. Kati yake kuna Olimpiki mbili za dhahabu, na moja tu aliyoboronga, Beijing 2008, wa saba. Kama hiyo si kuwa imara, sijui neno hilo lina maana gani. Nyie mnapima uimara kwa miezi, Kemboi alikuwa anaupima kwa miaka. Na kila mara alipitia mchujo au alitetea taji. Katika miaka hiyo 12 vijana wangapi waliibuka wakawa moto misimu miwili kisha wakapotea? Mmoja wa karibu: Jairus Birech. Bingwa wa Diamond League 2014, akawa tena 2015. Mwaka 2014 hakukuwa na Olimpiki wala mashindano ya dunia. Beijing 2015 Kenya iliingiza wanne kwa ile nafasi ya ziada ya bingwa mtetezi, wakamaliza wa kwanza hadi wa nne. Kemboi, Conseslus Kipruto, Brimin Kipruto, Birech. Wa nne ni yeye.

---

SaaYaMkononi

Hapo sasa. Kibanda kimefungwa.

---

MwanaMbulu

Hakijafungwa bado, maana marathoni haina msimu. Mkimbiaji mzuri anakimbia mbili kwa mwaka, akizidisha anajiua. Huko kuwa imara na kushinda siku moja ni kitu kilekile, kwa sababu siku zenyewe ni mbili. Ndiyo maana Kipchoge alivyoshinda marathoni 10 mfululizo kuanzia Rotterdam 2014 hadi London 2019, na Rio 2016 ikiwa ndani yake, watu walikosa la kubishia. Berlin 2015 soli za ndani zilimtoka zikawa zinapepea kisiginoni kama masikio ya mbuzi, na akashinda hivyohivyo. Na kumbukeni huyo aliingia marathoni baada ya kukosa timu ya uwanjani ya London 2012.

Halafu kuna Simbu wetu. Alphonce Simbu, Rio 2016 wa tano, London 2017 shaba ya dunia, Olimpiki ya Tokyo wa saba, Paris 2024 wa kumi na saba. Aprili 2025 wa pili Boston, 2:05:04. Mimi nilipoona tena "wa pili Boston" moyo ukaniruka, nikasema Mungu wangu, Ikangaa karudi. Septemba akaenda Tokyo kwenye mashindano ya dunia. Wameingia uwanjani, Amanal Petros wa Ujerumani yuko mbele, mita chache zimebaki, mimi nimeshasimama kwenye kochi na mke wangu ananiuliza nani amekufa. Wote wameandikiwa 2:09:48. Picha ikampa Simbu, kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya dunia kwa Tanzania, tangu mashindano hayo yaanze.

Swali langu kwa wote: Petros angetokeza kifua sentimita kadhaa zaidi, Simbu angekuwa mkimbiaji mdogo kuliko alivyo leo?

---

Kapchorwa_Juu

Kwenye vitabu, ndiyo. Vitabu havina huruma.

---

Raundi25

Swali hilo MwanaMbulu ni la Tergat. Sydney 2000, mita 10,000, Paul Tergat kaanza kukimbiza tangu upande wa nyuma wa uwanja, mbali kabisa, kwa kuwa anajua akimwachia Haile Gebrselassie mita 100 amekwisha. Haile kamfikia mstarini. 27:18.20 kwa 27:18.29. Raundi 25 na tofauti yao ikawa ndogo kuliko ya wa kwanza na wa pili wa mita 100 kwenye michezo ileile. Ndiyo, jina langu humu limetoka hapo.

Huyo Tergat alikuwa na ubingwa wa dunia wa nyika mara 5 mfululizo, 1995 hadi 1999, mbio ambazo wakati ule kila nchi ilileta kikosi kizima, si watatu. Baadaye Berlin 2003 akaweka rekodi ya marathoni, 2:04:55, na New York 2005 akashinda kwa kutokeza kifua mbele ya Hendrick Ramaala. Safari ile mstari ukamhurumia. Mimi Tergat namweka juu kuliko watu wengi wenye dhahabu ya Olimpiki. Juu ya Haile simweki. Na ukiniuliza kwa nini, nitakuambia ni ile 0.09, na najua jibu hilo halilingani na nilichosema kuhusu Rono.

---

MamaWaKona

Angalau umekiri.

---

KiunziNaMaji

Wakuu, nimesoma yote. Ile ya MpigaHesabu ya medali 7 imenimaliza, sikuwahi kuzipanga mstari mmoja namna hiyo. "Aliamka siku moja kwa mwaka" naifuta. Ngoma ya Daegu naye alistahili kuicheza.

Ila kwa Koech sirudi nyuma kwa kila kitu. Misimu mitatu ya pointi, ile ya zamani, ya kujumlisha, hakuna aliyemnyang'anya, na Kemboi naye alikuwepo, akakimbia baadhi ya mikutano hiyo. Mtu wa namna hiyo kutojulikana hata na watoto wa kaunti za jirani ni aibu yetu, si yake.

Leo jioni narudi kibandani. Nitaagiza chai mbili, moja ya mwenye kibanda.

---

MwanaMbulu

Na Ikangaa?

---

KiunziNaMaji

Ikangaa nawaachia wenyewe. Lakini kama kuna mwenye mkanda mzima wa Boston 1988, si zile dakika mbili za mwisho, aniambie. Nataka kuona alivyokuwa anaburuza.